Mpaka Nikuguse Bega

Saa kumi alfajiri Arletta alishasimama mlangoni,
buti za binamu yake miguuni, na soksi tatu tatu
zimesokomezwa ndani zisije zikabaki kwenye tope.
Miaka tisa. Hajawahi kuniita baba
wala mimi sijawahi kumwomba.
"Verlin," akasema, "umechelewa."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kiwandani,
nywele zimejaa unga wa mwaloni,
misumeno ya mapipa bado ikivuma masikioni.
Roxann alitujazia chupa ya chokoleti ya moto,
akanitazama mimi, si mtoto:
"Mnirudie wazima."

Tulipanda kilima bila tochi.
Jalidi ilivunjika chini ya nyayo kama maganda ya mayai.
Mto Gasconade ulikuwa kushoto kwetu,
hatukuuona, tuliusikia ukijisemea.

Nikaegemea mti, yeye akaniegemea mimi,
bunduki ndogo ya marisau juu ya goti lake,
na sharti moja tu, nililolirudia mara tatu:
usifyatue mpaka nikuguse bega.
"Na ukisahau?"
"Sisahau."

Bundi akalia bondeni,
na juu, kwenye matawi yaliyokuwa uchi bado,
batamzinga akamjibu.
Sauti ile, jamani! Si wimbo, si kilio,
ni debe la misumari likiporomoka ngazini.
Arletta akashtuka. Niliuhisi moyo wake
ukinigonga kupitia makoti mawili.

Nikakwaruza kisanduku cha mwerezi:
kwaa, kwaa, kwaa, jike anayetafuta mwenzake.
Dume akaitika. Nikanyamaza.
Mwache atamani, nikamnong'oneza mtoto,
anayeita mno haaminiki.
Mwanga ukateremka taratibu juu ya maua meupe ya porini.
Nikafumba macho kidogo, nipate kusikia vizuri.

Hapo ndipo nilipolala.

Yanayofuata nimesimuliwa,
tukiwa njiani kurudi, yeye mbele, mimi nyuma,
nikiibeba bunduki isiyo na risasi.

Alitokea nyuma ya gogo, Verlin, kimya kabisa,
anatembea kama mtu aliyedondosha funguo.
Kichwa cheupe. Halafu bluu. Halafu chekundu,
kama hajaamua.
Akafungua mkia, akaburuza mabawa kwenye majani.
Mimi nilidhani ni mweusi. Si mweusi hata kidogo!
Ni shaba, ni kijani,
ni kama mafuta kwenye dimbwi pale kituo cha petroli.
Na kifuani ana ndevu, kama brashi ya viatu.
Nilihesabu hatua. Kumi na moja.

"Kumi na moja," nikasema.
Mimi nimeketi misitu hii miaka ishirini na sita;
za kumi na moja nilizipata mara mbili.

Ukaanza kukoroma, akasema. Si sana. Kama paka.
Akasimama, akainamisha kichwa, akakusikiliza.
Nadhani alifikiri ni batamzinga mwenzake, mgonjwa.
Kisha akaenda zake.

"Mbona hukufyatua?"
Akageuka, akanitazama
kama niliyeuliza mbona mto hautelemki kwenda juu.
"Ulisema bega."

Tukaendelea kutembea.
Nilitafuta neno, sikulipata;
nikamwonyesha kinyesi cha kulungu badala yake.

Nyumbani Roxann alikuwa amekaanga mayai na viazi.
"Haya, mwindaji, ilikuwaje?"
Nikainua uso kukiri kosa langu,
lakini Arletta alikuwa ameshaanza, mdomo umejaa:
"Tulimsikia tu. Hakufika."
Hakunitazama.

Begani kwangu kulikuwa na jani kavu la mwaloni.
Akanyoosha mkono, akalitoa,
akaliweka kando ya sahani yake,
akaomba chumvi.