Sahihi

Kamati imeniletea kalamu:
"Tia sahihi, Mama Nekesa, afukuzwe."
Kweli, Odera hanipi usingizi.
Spika yake hutikisa sufuria ukutani,
ajabu kuta za Jericho hazijaanguka;
chupa zake huvunjikia ngazini, watoto wakachanika nyayo.
Barua tatu nimeandika mwenyewe,
kanjo wakazikalia.

Lakini Aprili, mtaro ulipofurika hadi magodoro,
nani alimbeba mamangu mgongoni
hadi orofa ya juu,
akimwita "mrembo" ili asiogope?

Kalamu nimeirudisha.
Saa saba usiku nikagonga mlango wake kwa mwiko.
"Punguza. Na kesho zamu ya ufagio ni yako."
Akanitazama, macho mekundu,
akapunguza.

Kidogo.

Asubuhi nimesikia ufagio ukikwaruza vigae
mpaka ngazi ya tatu.
Zipo kumi na mbili.