Maagizo kwa Aderito, Atakayebaki na Baba

Ufunguo uko kwa Felismina, mlango wa pili ukishuka ngazi.
Atakukaribisha kahawa. Kunywa upesi.

Dawa zimo kwenye kopo la biskuti, si kabatini;
kabati analifungua.
Nyeupe ya presha ni asubuhi, akishakula.
Ya waridi ni usiku, nusu. Nusu, Aderito. Kisu kimo humo humo.
Akikataa, usishindane naye.
Toka, osha kikombe, kaa kidogo,
rudi kama mtu aliyewasili sasa hivi.
Mara ya pili wewe ni mgeni,
na Baba hajawahi kumkatalia mgeni.

Kiu haisikii tena. Usingoje aombe maji.
Mwinue akae wima, kidevu kiiname, ndipo umpe,
funda moja, umeze naye.

Zulia la bafuni nimelitupa. Lile jekundu la Mama. Najua.
Ndilo lililomwangusha Februari, theluji ikiwa mlangoni
na gari la wagonjwa likiteleza kule chini kwenye kona ya kanisa.
Nyonga ya miaka themanini na minane
haivunjiki kama kijiti.
Huvunjika kama nyumba.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku.
Muuguzi Ivone alinifundisha: mkono begani, mkono kiunoni,
umvute aje kwako, usimsukume aende.
Kagua visigino. Kagua mfupa wa makalio.
Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole;
usipofifia, mpigie Ivone saa hiyo hiyo.
Kidonda huanza kidogo kama kifungo cha shati.

Na usiku atafuma. Usishtuke.
Miaka arobaini na mmoja pale kiwandani,
vidole bado vinatafuta uzi uliokatika ndani ya shuka.
Zamani nilimshika mikono, nikamwambia,
Baba, kiwanda kilifungwa,
akalia kama aliyefukuzwa kazi jioni ile.
Siku hizi nampa uzi wa sufu wenye mafundo.
Anafungua, anafunga.
Ikifika saa nane analala.

Mimi huniita Custódia.
Nimeitikia jina la Mama mwaka wa tatu huu.
Kuna usiku alinilaumu kwa jambo la kabla hujazaliwa,
nikaomba radhi bila kujua kosa,
akanisamehe.
Sijui nani kati yetu alilala vizuri zaidi.

Pesa zako zilifika kila mwezi, sikatai.
Zilinunua godoro la hewa.
Ila godoro halimgeuzi mtu.

Hili sikukwambia kwenye simu:
Novemba nilirusha bakuli la supu ukutani.
Baba akainuka kidogo, akaanza kufuta ukuta kwa mkono wa sweta yake,
akisema samahani, samahani,
akidhani ameimwaga yeye.
Nakuandikia ili siku ya nne, na itakuwa siku ya nne,
hasira ikikupanda,
umwache salama kitandani, uingie jikoni, ufunge mlango,
uhesabu vigae.
Viko mia moja na kumi na viwili.

Mgongo wangu wanaupasua Jumatano.
Ni huku kuinua; daktari hata hakuuliza.
Usinipigie kabla ya Ijumaa,
isipokuwa ameanguka, au homa, au
basi, nipigie.

Usimwambie hospitali. Akiuliza, nimeenda sokoni.
Akiuliza tena, nimeenda sokoni, nimetoka sasa hivi.
Kila mara iwe sasa hivi.
Atauliza nitamletea nini. Mwambie machungwa.

Kisha uyanunue, Aderito.
Menya hadi utando mweupe, kata vipande vidogo,
umpe kimoja kimoja.
Asije akangoja bure.