Mbwa Mmoja, Mbwa Watano

Mwezi wa tano, Nagpur, jua haliwaki: linakaba.
Lami ya Dharampeth hushika soli za ndala,
na madirishani mashine za kupoza hewa
zinakoroma, zikidondosha maji na harufu ya nyasi mbichi.

Huyu wa leo ameletwa ndani ya beseni la kufulia.
Macho ya buluu. Ulimi umetoka kama utepe uliosahauliwa.
Joto: nyuzi arobaini na moja nukta sita.
Jina, naandika kwenye rejista bila kuuliza: Himraj.
Ni Himraj wa kumi na tisa tangu Diwali.

Filamu ile sote tuliiona.
Majuma kumi na moja pale sinema ya stesheni,
watu wakipiga miluzi, wakirusha sarafu kwenye pazia
kila mbwa yule mweupe alipopasua ukungu wa mlima
akamfukua mtoto wa watu kwenye theluji kwa kucha zake.
Mimi pia nililia. Nilifuta macho kwa tiketi.

Kaka yake Dakta Revati alibeba taa kule walikopiga picha.
Ndiye aliyetuambia, baadaye, kwamba Himraj walikuwa watano.
Mmoja wa kukimbia. Mmoja wa kutulia akitazama mbali.
Mmoja hodari wa kulia, mmoja wa kuruka,
na wa tano, jike mzee, kazi yake kulala tu
katika ile sehemu tuliyodhani amekufa.
Kila nusu saa walipokezana, wakirudishwa
kwenye gari lenye baridi, wakipewa barafu walambe.
Na theluji ilikuwa povu. Na karatasi. Na chumvi kidogo.

Huyu yuko peke yake.
Yeye ndiye akimbie, yeye ndiye atulie,
alie yeye, aruke yeye, na juzi mchana
umeme ulipokatika saa nne mfululizo
nusura aicheze ile sehemu ya jike mzee.

"Tunampenda," asema Bwana Wankhede, shati limemganda mgongoni.
Simbishii. Alimnunua kwa fedha za mkopo wa pikipiki.
Muuzaji alimwapia: atazoea, mbwa ni kama mtu, huzoea.
Ghorofa ya nne, vyumba viwili, bibi mwenye pumu,
manyoya kwenye dengu, manyoya hadi kwenye taa ya ibada,
na majirani hugonga ukuta usiku anapobweka. Hapana, habweki:
huomboleza, shingo juu, kila treni ya Howrah ikipita.
Ukipenda boga, wahenga walisema, penda na ua lake.
Sawa. Lakini ua nani alionyeshwa?
Kamera haikupita jikoni. Kamera haikuona ufagio.

Tunamlowesha maji ya bomba, si ya barafu:
nyayo, kinena, nyuma ya masikio.
Feni. Dripu. Thelathini na tisa nukta nane.
Baba anatoka nje na Dakta, na ninaisikia
ile sauti ya chini ninayoijua,
sauti inayotafuta "mahali pazuri", "shamba", "mtu wa milimani".
Hakuna mtu wa milimani. Kuna banda letu la nyuma
lenye Himraj saba, mmoja wao aliokotwa barabara ya Wardha
akikimbiza kila gari jekundu,
ukosi wa kengele ungali shingoni.

Binti, Ojaswi, miaka tisa, hajasema neno tangu waingie.
Ameshika brashi iliyojaa weupe.
"Yule wa kwenye filamu," aniuliza, "kwao kuna joto?"
Nimefungua mdomo.
Nikamwonyesha, badala yake, jinsi ya kuutafuta mpigo wa moyo
ndani ya paja, kwa vidole viwili, bila kukandamiza.
Anahesabu kwa Kimarathi, anapotea, anaanza tena.

Ng'ambo ya barabara, juu ya ngazi ya mianzi,
vijana wawili wanabandika bango jipya:
mbwa mdogo, pua bapa, miwani ya jua,
amekumbatiwa na nyota kama mkate wa moto.
Dakta Revati amelitazama kitambo.
Kisha ameingia, amepiga simu,
ameagiza mitungi miwili zaidi ya oksijeni,
na barakoa za saizi ndogo.