Ufito wa Nurzat

Alikuja na picha arobaini na tatu,
mistari myekundu ikipanda kama homa,
na umeme ukakatika kwenye ya tatu.

Ukumbi wa shule, Ak-Sogot, mwezi wa Machi.
Watu thelathini ndani ya makoti yao,
harufu ya sufu mbichi na makaa ya mawe,
birika la chai likipita mkono kwa mkono.
Mtu akakohoa. Mwingine akanong'ona:
kondoo hawajala.

Nurzat ana miaka ishirini na sita.
Bishkek walimfundisha kusema *makadirio*,
kusema *kiwango cha uhakika*,
kusema *urari wa barafu* bila kupepesa macho.
Gizani maneno hayo hayakupata pa kukaa.

Akatoka hadi kwenye gari,
akarudi na ufito begani,
mita tatu, umepauka, una utepe wa buluu kichwani.
"Huu niliuzamisha wote kwenye barafu
mwaka juzi, Agosti, juu ya malisho yenu.
Kilichobaki nje ni utepe tu.
Agosti iliyofuata nikapanda tena na keekee yangu.
Sikuchimba.
Niliukuta umelala."

Kimya.
Kisha akainuka Sagynbek, mfungua maji,
yeye mwenye ufunguo wa lango la mfereji
na maadui kila shamba.
Akaupima ufito kwa mikono yake:
pima moja na nusu, na ushei.
"Binti, mto huu miaka hii umefura.
Viazi vyangu vimekunywa hadi vimekinai.
Nawe waja kuniambia maji yanakwisha?"

(Swali hili lilikuwa kwenye picha ya thelathini na moja,
na jibu lake lilikuwa na rangi sita.)

"Umefura," akasema, "kwa sababu unakula mtaji.
Mla mtaji hunenepa kwanza."

Mwenye duka, nyuma kule, akacheka peke yake,
kisha akaacha kucheka.

"Hadi lini?"
"Sijui. Miaka ishirini. Labda arobaini.
Nikitaja mmoja nitakuwa nawaongopea."
Minong'ono ikazunguka na birika.
"Afadhali huyu," akasema mama mmoja,
"wa mwaka jana alijua kila kitu."

Ermek, wa darasa la pili, hakuomba ruhusa.
Aliegemea ufito, visigino pamoja, kidevu juu,
akataka achorwe alama.
Utosi wake haukufika hata katikati.
Nurzat akachora kwa kalamu yake ya kazi,
akaandika tarehe, kwa mazoea,
na mkono ukasita kidogo hapo,
kama mtu aliyesahau alichokuwa akipima.

Umeme uliporudi,
picha ya tatu ikawaka ukutani, kubwa, nyekundu.
Hakuna aliyegeuka.
Walikuwa wakibishana, sauti juu,
farasi wa nani atabeba keekee Agosti,
na kama yule wa Sagynbek, mkaidi kama mwenyewe,
atakubali kukanyaga barafu.