Nani Yumo

Diski ilikufa Januari, kwa mlio wa kokoto kinuni.
Fundi wa mtaa wa Graudu aliitikisa mara moja, akanirudishia:
"Bi Vizma, hiki ni chuma chakavu. Kipime kilo, ukiuze."

Nikaiburuta juu ya theluji hadi nyumbani,
kilo kumi na moja za baba.
Duara la kikombe chake cha kahawa bado liko juu ya kasha,
na kwenye kibodi herufi A imefutika kabisa,
labda kwa kuwa mama aliitwa Austra,
labda kwa kuwa katika Kilatvia A haikwepeki. Sijui.

Nikaifungua mezani, kati ya mkate mweusi na bili ya umeme.
Vumbi likatoka mafungumafungu kama sufu.
Nikang'oa diski mfu. Nikang'oa kadi ya sauti.
Haitaimba tena, wala haitakumbuka chochote.
Nimeiachia kioo, vibonye na waya mmoja,
maana sitaki ifikiri. Nataka iwe mlango,
na mlango haulazimiki kujua kinachopikwa ndani.

Nikachomeka flashi ndogo kama ukucha, yenye mfumo mwembamba.
Giza.
Nikawasha tena. Giza, na mlio mmoja mrefu.
Nikamkumbuka baba, fundi wa simu,
miaka thelathini akining'inia nguzoni katika upepo wa Liepāja:
"Kabla hujailaani mashine, kagua plagi."
Plagi ilikuwa nusu nje.

Ndipo maandishi yakaanza kumiminika, meupe, ya haraka,
na nikaibishia hodi mashine kubwa iliyoko Riga,
ndani ya kabati la shangazi Mirdza, chini ya makoti ya manyoya,
ile baba aliyotuachia sote wawili, mimi na Indulis,
kama wengine wanavyoachiwa shamba.
Ikaniuliza jina. Nikataja.
Ikaniuliza neno la siri. Ni jina la mbwa wetu wa zamani;
naomba lisitoke hapa.
Ikanifungulia.

Amri ya kwanza aliyotufundisha,
kabla hatujajua kuandika barua wala kupanga hesabu,
ilikuwa ile ya adabu: ukiingia, uliza nani yumo.
Nikauliza.

Mistari miwili ikajibu.
Vizma: sasa hivi.
Indulis: tangu saa tatu usiku. Kimya dakika nne.

Miaka sita hatujasemezana.
Tuligombana udongo wa kaburi ungali mbichi,
kuhusu nyumba, kuhusu nani alilala hospitalini kwenye kiti
na nani alituma pesa tu.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Yetu ilizidi uzito, ikaganda.
Nilisikia kwa shangazi kwamba anafungasha uyoga huko Drogheda,
zamu ya usiku, vidole vimepasuka kwa baridi.
Hakuniambia kwamba huingia humu,
kwenye kabati lile lile, chini ya makoti yale yale,
akakaa.

Kishale kikapepesa. Kuni zikapasuka ndani ya jiko.
Niliandika: Unafanya nini humo?
Nikafuta.
Niliandika: Samahani.
Nikafuta, maana sikuwa na hakika ni ya nani kuitoa.
Niliandika: Mashine ya baba imewaka.
Nikabonyeza kabla sijapata akili ya kuacha.

Feni ikazunguka. Nje tramu ya mwisho ikapita,
taa zake zikapiga dari, zikaondoka.
Nikainuka kuchemsha maji, nikarudi kabla hayajachemka.
Kimya dakika tano. Kimya dakika saba.
Kisha kimya kikarudi sufuri,
na herufi zikaanza kuja moja moja,
polepole, kama za mtu aliyevua glavu:

A bado imefutika?

Nikapapasa kile kibonye kisicho na jina,
nikakibonyeza.