Mizani ya Saa Nane

Kijana amepanda mawe yote ya Mabatini mpaka kwangu,
mvua ilikuwa imetoka kuosha ngazi,
viatu vya kuazima mkononi, mkoba kifuani.
Akanikuta nachambua dagaa.
Akaniita Mama kabla hajauliza jina.
"Bima ya afya ya wazee," akasema,
akatandaza karatasi zake juu ya ungo wangu.

Nikampa kigoda. Mgeni ni mgeni.
Lakini mimi, Nyanzobe binti Lushinge,
nimesimama miaka ishirini na sita
mbele ya mizani ya kiwanda cha pamba.
Namjua anayeegemeza goti kwenye gunia
na namjua anayechanganya mchanga ili kilo zivute.
Basi sikumtazama usoni.
Nilimtazama goti.

"Nani anakulipa?"
Akageukia ziwa, kana kwamba jibu liko Kamanga.
"Kampuni, Mama. Kwa kila kichwa."
"Na kichwa changu bei gani?"
Akacheka.
Kicheko si stakabadhi.

Ofisini kwenyewe nimeshakwenda mara mbili.
Mara ya kwanza mtandao ulikuwa umelala.
Mara ya pili umeamka, ukanikataa mimi:
Nyanzobe kwenye kitambulisho, Nyanzobi kwenye cheti.
"Mfumo haukutambui," akasema binti wa nyuma ya kioo,
naye alikuwa ananiona vizuri kabisa.
Miaka sitini na minane,
nimezikwa nusu na herufi moja.
Na fomu yao, maandishi kama mayai ya chawa,
jicho langu la kushoto lina ukungu wa asubuhi
usiopanda wala kushuka.

Jirani yangu Kwilasa alimpa wakala wake pesa mkononi.
Kadi ikaja, nzuri, ina picha, anatabasamu.
Dirishani hospitali kadi haikusoma.
Wakala naye hakusoma ujumbe hata mmoja.
Ng'ombe wawili waliuzwa Magu ili Kwilasa atoke wodini.
Ila Bi Nyamisi wa Igogo, wakala wake
alilifukuzia faili siku tatu kama kuku aliyeponyoka,
na leo Bi Nyamisi anatunga uzi bila miwani.

Nikawapigia wanangu.
Wa Geita: "Mpe huyo, Mama, usijitese."
Wa Dar: "Usimpe, hao matapeli."
Watoto wawili, mashauri mawili,
salio lililoisha ni langu.

Usiku goti likaniamsha.
Saa nane. Hata mbwa walikuwa wamechoka.
Nikaichukua namba ya kijana, nikapiga.
Ikaita.
Ikaita.
Nikangoja kama nilivyokuwa nangoja mshale utulie,
maana mshale unaotetemeka hausomwi.

"Mama Nyanzobe? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Napima tu."

Hakukata. Nyuma yake mtoto mchanga alianza kulia,
nikamsikia akimbembeleza kwa mkono mmoja,
simu ikikwaruza shingoni.
Nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Kulipokucha sikusema ndiyo.
Nilisema: njoo Jumatatu, vaa ndala zako mwenyewe.
Kwanza ukurasa wa yale wasiyolipa,
usome hapa, kwa sauti, mbele ya dagaa.
Kisha tushuke wote mpaka kwenye kile kioo.
Wewe beba herufi yangu iliyopotea,
mdomo wako ni mwepesi kuliko wangu kwa watu wa mfumo.
Pesa nitabeba mimi, kwenye fundo la kitenge,
na fundo halifunguki
mpaka niione stakabadhi ina jina langu,
lenye e mwishoni.

Akasema sawa, Mama.
Akaanza kushuka mawe, taratibu,
na mimi nikasimama mlangoni
naliangalia goti lake.