Funga Isiyo na Daku

Tangu jana magharibi sijatia kitu tumboni.
Si Ramadhani, wala si Sita za Shawwali:
damu yangu yatakiwa ikiwa na njaa,
na Umazi, binti wa maabara, ameniapia
hata chai kavu ataiona humo.

Ganjoni, ghorofa ya pili. Ngazi zanuka dawa ya sakafu,
na chini pale muuza viazi vya karai
akaanga kwa makusudi.
Mimi na miaka yangu hamsini na mitatu
nimekaa bencini, kikombe cha mkojo mkononi,
kama mtu aliyeshikizwa kahawa ya mwenziwe.

Elfu tatu, kuandikwa jina tu.
Elfu mbili na mia tano, damu na mkojo.
Moyo ni elfu nne: walazwa, wabandikwa nyaya,
mashine yachora milima kwenye ukanda wa karatasi.
Nami niliyepita ubavuni mwa Kilimanjaro alfajiri,
theluji ikiniangalia dirishani,
sijaogopa mlima kama vilima vile vya wino.

Masikio. Chumba ni kabati lenye kiti.
Bonyeza, wakaniambia, kila usikiapo mlio.
Nilibonyeza milio, kisha, kwa tamaa,
nikabonyeza na kimya.

Macho. Ukipenda chongo huita kengeza,
lakini hapa hapana mapenzi; chongo ni chongo,
na chaandikwa kwa herufi kubwa.

Zena huniuliza: "Robo yako ya ile ndege ni ipi hasa?
Ni bawa? Ni tairi la nyuma?
Mbona kila miaka miwili
lataka mahari mapya?"
Humjibu kwa kucheka. Risiti huzitia
ndani ya daftari la safari, zikalifanya litumbe
kama shavu lenye jino bovu.

Kisha Daktari Mapenzi Ngowa, miwani puani,
asoma maswali bila kuinua uso.
Kisukari? La. Kifafa? La.
Umewahi kuzimia?

Mwezi wa saba. Hitima ya mama.
Jikoni, baina ya sufuria mbili za pilau,
sakafu ilinijia mbio kuliko uwanja wowote.
Zena alinimwagia maji; watu tukawaambia ni moshi.
Kesho yake nikaenda duka la dawa Kongowea
nikajiita jina la shemeji yangu.
Vidonge kumi, shilingi sitini.
Rahisi, kwa kuwa havikuandikwa popote.

Nawajua wenzangu. Twalipa maelfu kupimwa
na twalipa zaidi tusijulikane.
Fundi Kombo, aliyelala chini ya injini miaka ishirini,
aliniambia siku moja akijifuta mikono:
Ndege ikivuja huacha doa.
Rubani akivuja huoga, akajitia marashi, akaja.

Kalamu yake yangoja.
"Ndiyo," nikasema. "Mara moja."

Akavua miwani.
"Bwana Shebwana, ungesema la
ungetoka na cheti chako sasa hivi."
"Najua, daktari."

Mashine ya kuvaliwa kifuani usiku na mchana: elfu kumi na nane.
Bingwa wa moyo: elfu sita, na yuko Alhamisi tu.
Wiki nane chini, pengine zaidi.
Alinipa mkono. Hakuniambia pole,
nikamshukuru kwa hilo.

Nimeshuka ngazi magoti yakinicheza.
Viazi vitano, shilingi hamsini. Sikuulizwa umri.
Nilikula nimesimama, ukwaju
ukinichuruzika hadi kwenye kiwiko,
pale palipobandikwa pamba ya Umazi.

Juu, ndege ndogo ikapita kuelekea Changamwe,
injini moja, mlio ninaoujua.
Sikuinua uso.
Kidole gumba, peke yake, kikabonyeza.